Nimelipia Darasa la Mwendo kwa Kiurdu

Jebel Ali, Dubai
Jumapili, mchana

Kwako Baba Zuhura,

Assalaam alaikum. Naanza na wewe kabla ya watoto, maana nikianza na watoto utasema nimekusahau. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Mwanahawa mara ya mwisho ilikufikia, au iliishia kwenye magoti ya mama yake? Na mama mkwe je, presha imetulia? Vidonge anameza kweli, au bado anavificha chini ya mto? Zuhura nilipomsikia kwenye simu nilishtuka, nikadhani nimepiga nyumba ya watu, sauti imekuwa ya mtu mzima. Idi naye anasema ameacha kukojoa kitandani, lakini kesi ni yake na shahidi ni yeye mwenyewe, kwa hiyo nangoja neno lako.

Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijakaa.

Barua hii anakuletea Mwanahawa huyohuyo, anakuja likizo kwao. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, sijafika katikati umeshaanza "nilikwambia". Karatasi huwezi kuikatiza. Kaa, mimina chai, soma mpaka mwisho, halafu ndiyo useme nilikwambia. Umekuwa ukiniuliza kwa nini siku hizi sauti ninazokutumia ni fupi, na kwa nini ukinipigia wakati wa chakula cha mchana sipokei. Sababu ni hii: rada ilinipiga. Mwendo kasi, na abiria wamo ndani.

Tafadhali usiinuke. Hakuna aliyeumia.

Kazi yangu unaijua tangu nilipotoka kwenye ndoo na matambara. Asubuhi nawabeba wanawake wa kampuni yetu ya usafi kutoka mabwenini hapa Jebel Ali, nawapeleka Al Jaddaf kwenye majengo wanayosafisha, jioni nawarudisha. Nakato, yule Mganda ninayeishi naye chumba kimoja, ndiye hukaa kiti cha mbele pembeni yangu. Redio ya gari ilikufa zamani, basi Nakato ndiye redio. Anaimba nyimbo za kanisani kwao tangu tunapotoka getini mpaka tunapofika, na hata mimi Mwislamu wa Muheza sasa naweza kuziitikia.

Siku hiyo tulifika karibu na Ras Al Khor, pale wanapotengeneza barabara. Mwendo wameushusha, kibao kinasema sitini, nami nilikuwa kwenye sitini yangu, njia ya kati, nimetulia kabisa. Nyuma yangu likaja gari kubwa jeupe, likaniwashia taa. Likazima, likawasha tena.

Hapa sasa ndipo unapoingia wewe, Baba Zuhura.

Unaikumbuka ile pikapu ya shamba la mkonge uliyonifundishia? Unakumbuka ulivyokuwa ukinigonga goti kila nikisahau? "Ukiwashiwa taa nyuma usibishane na mtu. Mpe njia. Kaa kushoto." Nilikuwa nakaa kushoto mpaka majani ya mkonge yanakwaruza mlango, nawe unasema vizuri, tena, vizuri. Nilijifunza. Nyumbani sijawahi kupata ajali kwa sababu ya neno hilo lako.

Lakini huku magari yanakwenda upande wa kulia. Kushoto ndiko wanakopita wenye haraka zao, na kulia ndiko tunakokaa sisi wengine. Hilo nalijua. Nililipia masomo yake, nikafanyiwa mtihani, nikapewa leseni yao. Kwa kichwa nalijua vizuri kabisa. Ila ile taa iliponipiga machoni kwenye kioo, mikono haikuniuliza kitu. Ilikwenda kushoto. Tena kwa adabu, nusura nimpungie mkono mwenye gari apite salama.

Naye alikuwa anakuja hukohuko kushoto. Basi nikawa tena mbele yake, mahali pabaya kuliko pale mwanzo. Akapiga honi, akawasha taa mfululizo, akanisogelea mpaka kwenye kioo sikuona tena barabara, naona pua ya gari lake tu. Nikatazama kulia nirudi, kulia kumejaa malori ya kokoto, yamepangana moja nyuma ya jingine. Nikaona sina pa kwenda ila mbele. Nikakanyaga mafuta. Nilisikia wimbo wa Nakato unakatika katikati ya neno. Halafu nikasikia, "Mama Zuhura, pole pole! Mama Zuhura!" na nyuma wengine wanapiga kelele, na mimi bado nimekanyaga. Rada ikamulika, mwanga ule mweupe. Nilikuwa karibu na mia.

Nilipata upenyo, nikarudi kulia, lile gari likapita. Aliyekuwa anaendesha hata hakunitazama.

Nilipowashusha Al Jaddaf, wakashuka mmoja mmoja wameshika mikoba yao. Nakato alishuka akaufunga mlango wa mbele. Jioni nilipokuja kuwachukua, alipita mlango wa mbele akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Akasema mbele jua linampiga. Jua lilikuwa upande wa pili wa gari, Baba Zuhura. Nilirudi Jebel Ali na kile kiti kitupu pembeni yangu, na hakuna aliyeimba.

Ujumbe wa faini ulifika kwenye kampuni kabla hata sijapata nguvu ya kusema mwenyewe. Mkubwa wa magari kwetu anaitwa Nasir, Mpakistani wa makamo, mtu wa haki lakini mkali. Aliniita kwenye kibanda chake, akanisemesha kwa ile lugha yetu ya huku, Kiingereza kidogo, Kiarabu kidogo, mikono ndiyo mingi.

"Mama, arbab mwenye kampuni amekasirika. Ningekuwa mimi peke yangu, ningesema maalesh, basi yaishe. Lakini una watu ndani."

Nikamwambia najua.

"Nenda kasome darasa la mwendo. Lete cheti kabla ya mwisho wa mwezi. Ukileta cheti, unabaki kwenye gari. Usipoleta, khalas."

Khalas yake nieleze maana yake, uone kwa nini silali vizuri. Mwisho wa mwezi ndipo karatasi zangu za viza zinapopelekwa upya. Zikiandikwa dereva, nina miaka miwili mingine kwenye usukani. Zikiandikwa mfanya usafi, narudi kwenye ndoo, na magoti yangu unayajua yalivyokuwa, mpaka nilikuwa nasali nimekaa kwenye kiti. Ndoo siiwezi tena. Ina maana nirudi nyumbani, na nyumba yetu imesimama kuta bila paa, na Zuhura yuko kidato cha pili. Hilo ndilo lililokuwa kooni mwangu kila ulipokuwa unapiga simu, na mimi nakujibu, "Niko salama, nakula vizuri."

Basi nikaanza kutafuta darasa. Nilidhani darasa ni darasa, mtu unakwenda, unasemwa, unarudi. Kumbe yapo ya kila namna, kama vitenge sokoni, na kila moja linadai ndilo bora. Kuna la kukaa darasani na la kusoma kwenye simu. Kuna la siku moja kutwa na la jioni jioni. Kuna la Kiarabu, Kiingereza, Kihindi, Kiurdu, Kimalayalam. Kiswahili hakuna, nilitafuta mpaka macho yakaniuma. Kila nikifungua moja naogopa, hivi cheti cha hawa Nasir atakikubali? Nikimuuliza, anasema cheti chochote cha shule inayotambulika. Ipi inatambulika? "Zote zinazotambulika," anasema. Sasa hapo umesaidiwa nini?

Hapa mabwenini kuna kijana wa Kenya, Kevo, anapeleka vyakula kwa pikipiki, mchangamfu sana. Alinikuta nimeinamia simu nje ya jiko.

"Sista, mbona unajistress hivyo? Chukua hiyo ya online, inakuwanga rahisi. Unanipea simu, mimi nakufanyia fasta. Hapa nimefanyia watu wengi. Kesho uko na cheti, yalla, unabaki kwa gari."

"Na wewe utataka nini?"

"Nipee tu kitu ya lunch, sista. Wewe ni mtu yetu."

Nakwambia ukweli, nilikubali. Kwa moyo nilikuwa nimeshakubali, nilikuwa nangoja tu atoke kazini nimpe simu. Nikarudi chumbani nikamwambia Nakato, kwa furaha, maana nilitaka aone kwamba mambo yanakwisha. Nakato alikuwa anakunja sare yake. Hakugeuka.

"Sasa huyo Kevo," akasema, "ndiye anatubeba kesho asubuhi?"

Yeye akaendelea kukunja sare, akaiweka kwenye sanduku, akatoka kwenda kuoga. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kevo alipokuja nikamwambia nimeghairi. Akacheka, akasema sawa sista, ukibadilisha mawazo niko tu.

Kwa hiyo nikatafuta la kukaa darasani. Unajua nafasi yangu ya kufanya mambo yangu ni ile saa ya mchana, wenzangu wako kazini, gari nimeliegesha Al Jaddaf. Hairuhusiwi kuacha injini inanguruma, kwa hiyo hakuna kiyoyozi, na jua la huku si la kusimulia. Nikapata shule moja iko Ras Al Khor, upande wa viwandani kwenye magereji. Ukurasa wake wote ni wa Kiingereza. Nikaanza kujaza, jasho linadondokea kwenye kioo cha simu, nikiandika jina linajifuta. Tarehe zote zilizojaa zimepakwa kijivu. Nikaona moja tu imebaki rangi, Jumapili, tena kabla ya mwisho wa mwezi, pameandikwa imebaki nafasi moja. Nikasema Yarabi, nisije nikanyang'anywa. Sikusoma kitu kingine. Nikabonyeza, nikaweka namba za kadi ya mshahara, nikabonyeza tena.

Kile kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Halafu simu ikaandika kwamba imepata joto kali, ikazima.

Ilipowaka, benki imeshaniletea ujumbe kwamba pesa imekatwa. Shule haijaleta chochote. Nilifungua barua pepe, hakuna. Nikangoja, hakuna. Nikajiuliza nilipe tena? Nikilipa tena na kumbe ile ilifika? Na nisipolipa, na kumbe haikufika, na ile nafasi moja akaichukua mtu? Wiki nzima nilikuwa mtu wa kutazama simu. Nilikuwa nachota wali naiangalia, naswali nikitoa salaam ya kulia naiona pale kwenye kitanda, macho yanakwenda. Mungu anisamehe. Ndiyo wiki uliyosema nimekuwa na kiburi sipokei simu.

Jumapili yangu ya mapumziko nikapanda basi nikaenda shuleni kwao mwenyewe. Kwenye kaunta ameketi mama mmoja wa makamo, abaya nyeusi, miwani imening'inia kifuani kwa mkufu. Nilikuwa nimejipanga na Kiingereza changu, nimekikariri tangu kwenye basi, lakini nilipofika mbele yake na kutoa simu, imezima tena. Nikasema kwa sauti, "Ee Mola wangu, nimekukosea nini?"

Yule mama akainua uso. "Wewe mwanangu wa wapi?"

Nusura nimkumbatie juu ya kaunta. Nikamwambia Tanga, Muheza. Akasema wazee wake walitoka Unguja, yeye kazaliwa hukuhuku, na huko kwao kaenda kutembea tu. Jina lake Bi Zuwena. Lakini Kiswahili chake, Baba Zuhura, ni kile cha bibi zetu, mtu unataka tu akae aseme.

"Hebu nipe hiyo simu niitie umeme," akasema. "Na wewe tulia, usije ukazimia hapa kwangu nikaandikiwa mimi."

Akatafuta jina langu kwenye kompyuta. "Pesa yako imefika. Mara moja, si mara mbili. Umeshapumua?"

Nikapumua.

"Sasa ngoja usipumue sana. Hili darasa ulolilipia la Kiurdu. Wewe Kiurdu wakijua?"

Nilimtazama nikidhani ananitania. Akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe. Ndiyo maana ilikuwa imebaki rangi, Baba Zuhura. Madarasa ya Kiingereza yalikuwa yamejaa yote mpaka mwezi ujao. Nikamwomba anibadilishie. Akasema kubadilisha anaweza, lakini kwa hiyo ya mwezi ujao tu, na kurejesha pesa hawarejeshi, kanuni si yake. Nikamweleza habari ya viza, na ndoo, na magoti, yote, pale pale mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni. Machozi yakaanza.

"Usilie, hapa mna kamera," akasema, akanisogezea karatasi laini. "Nisikize. Mtihani wa mwisho wafanywa kwenye kompyuta, wachagua lugha utakayo, na maswali mengi ya picha. Mwalimu ni mtu mwema. Nenda kakae. Neno usilolifahamu, tazama mkono wake. Barabara ni ileile."

Nikatoka pale sijui nicheke au nilie. Tangu siku hiyo mpaka siku ya darasa nilikuwa najihesabia maneno ninayoyajua, yale Nasir anayotupigia kelele kila asubuhi. Jaldi ni haraka. Aahista ni taratibu. Seedha ni moja kwa moja. Nikajiuliza, kwa maneno hayo mtu anasomea cheti?

Siku ikafika. Darasa limejaa wanaume watupu, wa teksi, wa malori, wa mabasi ya mafundi, ndevu kila mahali, na mimi mwanamke peke yangu. Nikakaa karibu na mlango, mkoba mapajani, kama niko hospitali nangoja kuitwa. Mwalimu akaingia, akaanza. Sehemu ya kwanza yote niliambulia rada, kamera na jina la Mwenyezi Mungu. Picha alizoonyesha za magari yaliyopondeka nilizielewa zaidi ya nilivyotaka. Kila dakika nilikuwa nawaza, akigundua sielewi atanitoa, na akinitoa basi tena.

Halafu akaanza kumzungukia kila mmoja aseme alikamatwaje. Wanasimama, wanaeleza, wenzao wanaguna. Inakuja, inakuja, ikanifikia. Nikasimama. Nikasema "jaldi", nikasema "gari", Kiingereza kikanikimbia chote hata kile cha kwenye basi. Watu wote wananitazama. Basi nikaona liwe liwalo. Nikavuta viti viwili katikati, nikakaa kwenye kimoja, nikashika usukani wa hewani. Nikamwashiria jamaa mmoja mnene wa teksi kwamba wewe ni gari kubwa, njoo nyuma yangu. Akakubali! Akaja na kiti chake anakikokota, anapiga honi kwa mdomo, anafumbua na kufumba viganja kama taa. Nami nikatazama kioo, nikashtuka, nikahamisha kiti changu kushoto, nikampungia apite.

Darasa zima likalipuka, "Arre!"

Nilidhani wananicheka. Lakini yule mnene ameacha honi, ananyoosha kidole kifuani kwake, anasema kwa Kiingereza, "Mimi pia, dada. Mimi pia." Mwingine akanyoosha mkono. Na mwingine. Wakawa wanasema wote kwa pamoja, wanaonyeshana kwa mikono, kushoto, kushoto. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza taratibu, kwa Kiingereza, "Nyumbani kwenu mnakwenda kushoto?" Nikasema ndiyo, kushoto. Akaligeukia darasa akawauliza wao, na sikuhitaji kutafsiriwa. Mikono yote ilikuwa juu. Kwao wote wanakwenda kushoto, kama sisi. Hakuna hata mmoja mle ndani ambaye hakufundishwa na mtu wake, mahali fulani, kwamba ukiwashiwa taa usogee kushoto.

Ningekaa kwenye darasa la Kiingereza pengine ningenyamaza mpaka mwisho, nikapata cheti, nikarudi barabarani na kosa langu mkononi.

Mwalimu alitufanyisha mazoezi na viti mpaka tukatoka jasho. Yule mnene ananitafsiria. Alisema taa zikija nyuma, usiiachie mikono iamue. Kwanza ondoa mguu kwenye mafuta, gari lipungue. Pumua. Tazama kioo cha kulia, toa ishara, ngoja nafasi hata kama anakutukana, halafu ndiyo usogee. Na useme kwa sauti unakokwenda. Basi tukawa watu wazima tumekaa kwenye viti vya plastiki, kila mtu anasema "kulia" kwa lugha ya mama yake.

Mtihani nilifanya kwa Kiingereza, kama alivyosema Bi Zuwena. Nilipobonyeza swali la mwisho kile kiduara kikaanza tena kuzunguka, nikafumba macho. Yule mnene ndiye aliyeniambia, "Dada, fungua, umepita."

Nasir aliposoma kwenye cheti kwamba ni darasa la Kiurdu, alikaa chini. Akacheka mpaka akavua kofia. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kwa ukali, "Nini umejifunza?" Nikamwambia, "Aahista." Akafungua droo, akaweka cheti, akanipa funguo za kazi ya siku hiyo. Karatasi zimepelekwa, zimeandikwa dereva, lakini muhuri bado haujarudi. Kwa hiyo fundi wa paa usimwambie neno, nakuomba, wewe mdomo wako unaujua.

Sasa nifike kwenye jambo hasa lililonifanya niandike.

Wiki hiyohiyo ya cheti, palepale Ras Al Khor, nikawashiwa taa. Nikaondoa mguu. Nikapumua. Nikasema kwa sauti, "Kulia!" na gari zima likanisikia. Nikangoja, nafasi ikaja, nikasogea, mtu akapita na haraka yake. Nyuma wakapiga makofi. Kesho yake asubuhi Nakato akafungua mlango wa mbele, akakaa, akafunga mkanda. "Jua limepungua," akasema, akaanza kuimba. Nilifurahi siku nzima.

Lakini juzi nikawashiwa tena, na sikusema kitu. Sikuwaza kitu. Nilikuwa namsikiliza Nakato, na nilipokuja kushtuka tumeshahamia kulia, taratibu, vizuri, kama vile nimezaliwa huku. Mikono ilikwenda yenyewe. Nakato hata hakuona. Nami badala ya kufurahi, mwili ukanisisimka.

Maana nakumbuka barabara yetu ya Segera. Huku kuna ukuta katikati, ukikosea kulia unakutana na faini. Kwetu hakuna ukuta. Kulia ndiko yanakotoka mabasi ya Dar na malori ya saruji, yanakuja uso kwa uso. Na wewe nasikia umeshawatangazia watu wote mtaani kwamba nikija likizo nitaendesha mwenyewe, umeshaahidiwa gari, mama mkwe apelekwe Tanga mjini watu waone mke wako wewe Hamisi, dereva wa Dubai. Nimekaa na picha hiyo kichwani tangu juzi. Mama yuko nyuma na watoto, mimi nimeshika usukani. Na wewe mwenyewe unatokea nyuma yetu na lori lako la machungwa, umefurahi kutuona, unaniwashia taa. Nami kwa adabu nakupa njia, naenda kulia.

Ulichonifundisha wewe nimekiondoa mikononi, Baba Zuhura. Ilibidi. Lakini inaniuma kuliko faini, na inanitisha kuliko viza.

Nisalimie mama mkwe, mwambie nimesema ameze vidonge mbele ya Zuhura. Msalimie kaka yangu Shabani, fundi seremala, fremu za milango azilaze mahali pakavu, asiniletee visingizio vya mvua. Wifi yangu Asha nimemwekea mtandio kwa Mwanahawa, wa kijani ni wake, wa zambarau ni wa Zuhura, wasigombane. Mama Rajabu wa jirani mwambie namshukuru kwa kuwaangalia watoto siku unazolala njiani. Idi mbusu, ukimkuta mkavu.

Na yule bwana wa gari mwambie asante, tutaliazima, ila wa kuliendesha ni wewe. Siku nitakayokuja usinipe funguo, hata watu wakisema mengi. Mimi nitakaa kushoto kwako, kwenye kiti kile ulichokuwa ukikaa wewe ukinigonga goti, niangalie barabara ya kwetu inavyokwenda, mpaka mikono ikumbuke.

Wako,
Mama Zuhura